Habari za Randu Mshonaji na Mwiba wa Mndimu

Sogeeni, enyi mliokaa vibarazani na mliojilaza ukumbini, enyi wa Changamwe na wa Kisauni na wa Likoni ng'ambo ya maji! Kunjueni mikeka, wapozeni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana nawaletea habari ambayo waandishi wa tarikh waliisahau, walipokuwa wameshughulika na vita vya wafalme na mapatano ya mabalozi, mambo ya upuuzi yasiyofaa kutajwa mbele ya hili. Hii ni habari ya Randu wa Baya, Simba wa Cherehani, Bwana wa Pindo na Mkunjo, mtu aliyeweza kupitisha uzi katika tundu la sindano huku akimtazama mtu wa pili na kumsengenya wa tatu. Jinsi alivyovuka ua wa makuti peke yake, akapambana na adui mwenye mbawa, akarudi na mwiba. Ee Mola, nipe ulimi wa kutosha, na wanaosikia wape subira.

Ilikuwa katika miaka ya vita vikuu, wakati meli zilizotia nanga Kilindini zilipoleta askari na mizinga badala ya nguo na sukari, na kila kitu kidogo cha chuma kiliadimika kana kwamba nacho kimeandikishwa jeshini. Hapo Changamwe, karibu na stesheni ya reli, palikuwa na mkahawa wa Nyevu, mwanamke wa Kigiriama mwenye mikono mipana na kauli fupi, mpishi wa chai ya tangawizi na maharagwe ya nazi. Marehemu mumewe alimwachia urithi mmoja mkubwa: kinanda cha santuri chenye pembe ya bati, pamoja na sahani moja ya kupigia, maana sahani nyingine zote zilikwisha kukaliwa na wateja.

Barazani pa mkahawa huo ndipo Randu alipoweka enzi yake. Cherehani yake ilisimama kushoto kwa mlango, na ile pembe ya bati ilichungulia dirishani juu ya kichwa chake. Tangu chai ya kwanza mpaka sufuria la mwisho lilipooshwa, sahani ile iliimba. Ikilegea, Nyevu aliupindua ufunguo wa kamani, ile springi ya kuizungushia, ikaanza upya. Na jambo hili mlishike vizuri, enyi wenye masikio: hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeisikiliza. Watu walizungumza ikiimba, wakacheka ikiimba, wakapatana bei za mbuzi ikiimba. Ilikuwapo tu, kama harufu ya tangawizi, na mtu hanusi harufu ya nyumba yake.

Lakini mguu wa Randu ulikuwa ukisikia, wala haukumwambia mwenyewe. Ulikanyaga kanyagio la cherehani kwa mwendo wa wimbo, ukapanda nao na kushuka nao, na mshono ukatoka umenyooka mpaka watu wa ng'ambo wakavuka kuja kushonewa. Randu alidhani unyoofu ule ni kipaji alichozaliwa nacho. Alijisifu sana, na alikuwa mzuri wa kujisifu.

Basi ikafika siku ya kuamkia arusi ya Dorcas, binti wa dada yake. Dada alikuwa ameshakufa, na Randu ndiye mjomba aliyebaki. Mbele ya ukoo mzima, wazee wakiwa na mnazi vibuyuni, alisimama akaapa kwamba mtoto huyu ataingia kanisani amevaa gauni lililoshonwa na mkono wa mjomba wake, la bafta nyeupe na lasi shingoni, ama yeye Randu asiitwe tena fundi. Gauni lisipokuwa tayari kabla jua halijatua, Dorcas angevaa gauni la kuazima la shangazi wa bwana arusi, mwanamke ambaye nguo zake zingeweza kuwahifadhi wakimbizi. Randu alimpenda yule mpwa kuliko alivyojua kusema, na kwa kuwa hakujua kusema, alikuwa akishona.

Asubuhi hiyo, mikono ya gauni ikiwa bado vipande mezani, msiba ukashuka. Sindano ya kinanda, iliyokuwa ya mwisho, ambayo Nyevu alikuwa akiinoa kwenye jiwe la kisu kwa miezi kadhaa, ilitoa sauti ndogo kama chawa akipasuliwa kwa ukucha, ikavunjika. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kimya kikaingia Changamwe kama jeshi la wageni. Kwanza kilimwangukia Nyevu. Kumbe yeye alikuwa akigeuza chapati kila mwimbaji anapovuta pumzi, na leo, kwa kukosa wa kumvutia pumzi, akaziacha zikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Kisha kikamwangukia Kefa, mchochea moto wa garimoshi, mtu wa bara aliyekunywa chai hapo kila zamu ilipomalizika. Kefa alimwinamia mwenzake na kumnong'oneza kama ilivyokuwa desturi yake:

"Ile maharagwe ya huyu mama siku hizi ni maji tu, imepita karibu na nazi."

Maneno yakasikika mpaka jikoni. Nyevu akatokea mlangoni, upawa mkononi.

"Kefa. Umesema nini?"

"Mama, usikasirike," akajibu Kefa, macho yamemtoka. "Mimi nimekuwa nikisema hivyo kila siku tangu mwaka jana. Leo ndiyo umesikia."

Upawa ukaruka. Watu wakasikia vitafuno vinywani mwao wenyewe, wakaona haya, wakaacha kula. Wawili waliokuwa wakisengenya kwenye kona wakagundua kwamba wanaosengenywa wamekaa meza ya pili. Mkahawa mzima ukawa kama nyumba iliyoondolewa paa: kila mtu amevaa, lakini kila mtu anajihisi uchi.

Na Randu? Aliinamia kazi, akakanyaga. Mguu ukasita. Ukaenda mbio, ukasimama, ukarudi nyuma kama punda asiyetaka daraja. Alijikaza, akauma ulimi, jasho likamtiririka, akashona mkono wa kushoto na mkono wa kulia, akamwita Dorcas ajaribu.

Binti akaingia chumba cha nyuma, akatoka taratibu, akasimama mbele ya mjomba wake. Hakutaka kumuumiza, ndiyo maana alichagua maneno.

"Mjomba," akasema, "mkono huu waelekea Mombasa, na huu waelekea Voi."

Ilikuwa kweli. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa kinyume, kiwiko mbele.

"Kesho mchungaji akinitaka nishike Biblia," Dorcas akaendelea, "nitaishika mgongoni? Sijali, mjomba. Nitavaa la shangazi. Si neno."

Neno lile "si neno" lilimchoma Randu kuliko tusi. Akasimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu wa liwali, akahutubia.

"Enyi wanywaji wa chai! Enyi watafunaji wa mahamri! Mimi Randu wa Baya nimeshona kanzu za makadhi na kaptula za maaskari, wala mshono wangu haujapata kupotea njia! Leo mguu umenisaliti, na sababu ni kimya hiki. Basi na kiondoke! Sindano ni sindano!"

Akasema hayo kwa kiburi cha mtu aliyekula kwa sindano maisha yake yote, akachomoa sindano ya cherehani, akaikaza katika kichwa cha kinanda, akaishusha juu ya sahani. Hakuna fundi wa kinanda ambaye angefanya kosa hilo. Lilihitaji fundi wa nguo. Pembe ilipiga ukelele uliowaingiza kuku uvunguni na kumfanya Kefa apapase kutafuta breki. Randu alipoinua ile sindano, mwanzo wote wa wimbo ulikuwa umekwanguliwa, na haukusikika tena duniani mpaka leo. Akairudisha sindano kwenye cherehani yake bila kumtazama mtu.

"Huko kwetu," Kefa akasema kutoka nyuma ya meza alikojikinga na upawa, "mzee mmoja alikuwa na kinanda kama hii. Sindano ikiisha, anaweka mwiba. Mwiba ya ndimu, ile imekauka."

Wote wakageuza shingo upande mmoja. Mndimu wa karibu ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa uani kwa Bi Mwanarehema.

Bi Mwanarehema alikuwa mjane wa ukoo wa zamani wa Mvita aliyehamia bara kutafuta hewa, na nyumba yake ilipakana na mkahawa kwa ua wa makuti. Miezi iliyopita alikuja mpaka barazani, buibui limemfunika, akalalamika kwamba kinanda kile cha shetani chamvundia usingizi wa adhuhuri. Randu ndiye aliyejibu, kwa kujitia ucheshi, kwamba sikio halina kifuniko, na anayekerwa atie pamba. Tangu siku hiyo bibi yule hakumsalimia wala hakuitikia salamu yake, na kwa watu wa pwani hiyo ni adhabu kubwa kuliko kifungo. Randu aliona haya kila alipoukumbuka mdomo wake. Kwa hiyo kwenda kubisha hodi na kuomba hakuweza. Angeweza kufa, angeweza kuiba, lakini kubisha hodi hakuweza.

Tena palikuwa na Jemadari. Huyo alikuwa bata bukini dume, mlinzi wa ua, mrefu wa shingo na mfupi wa hasira, ambaye kwa kumwogopa, mpeleka barua alizitupa barua za bibi kutoka barabarani.

Ndipo Randu alipojivika silaha. Kidoleni alitia subana, ile kofia ya bati ya kidole cha mshonaji. Mkono wa kulia alishika yadi ya mbao ya kupimia nguo. Nyevu akamkabidhi mfuniko wa sufuria kubwa uwe ngao yake, akisema kwa kauli yake fupi, "Urudi nao." Kefa akajitolea kubaki na kuilinda chai. Dorcas alimshika mjomba mkono.

"Usiende, mjomba. Ni nguo tu."

"Mwanangu," akajibu shujaa, "mama yako angekuwapo angekushonea yeye, na angeshona vizuri kuliko mimi. Niache nikafanye ninachoweza."

Akapenya makuti kwa tumbo.

Uani palikuwa na kimya cha saa nane mchana. Mndimu ulisimama katikati, na chini yake Jemadari amelala, kichwa bawani. Randu alinyata. Alinyata kwa ufundi wa vita, hatua kwa hatua, mpaka akafika shinani, akanyoosha mkono wenye subana kulifikia tawi. Na hapo mfuniko wa sufuria ukagonga yadi.

Jemadari akafungua jicho moja. Walitazamana, mwana wa Baya na mwana wa yai, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake hana nia ya kuahirisha. Bata akanyoosha shingo chini, akatoa mlio kama mvuke wa injini, akaja. Randu aliinua ngao, ngao ikachukuliwa. Aliinua yadi, yadi ikavunjika penye inchi alizozihitaji zaidi. Mbawa zikampiga magotini, mdomo ukamkamata suruali mahali ambapo hata mshonaji hawezi kujishonea akiwa ameivaa. Hakubaki na njia ila ya juu. Akaupanda mndimu.

Msione ni jambo dogo. Alikuwa amekuja kutafuta mwiba mmoja, sasa ameipata yote, ila hakuwa na mkono wa kuichukulia.

"Ni nani huyo juu ya mndimu wangu?"

Bi Mwanarehema alikuwa amesimama kizingitini, leso mabegani, macho mekundu.

"Shikamoo, Bi," ikasema sauti kutoka matawini. "Ni mimi, Randu, fundi wa jirani."

"Marahaba. Kumbe salamu waijua. Wafanyani huko juu?"

"Natafuta mwiba."

"Umepata?"

"Nimepata mingi, Bi. Lakini iko mgongoni."

Bibi hakucheka. Na Randu, akiwa ameshikwa na mti nyuma na bata akimngoja chini, akaona hana tena heshima ya kulinda, akasema yote: sindano iliyovunjika, mkono ulioelekea Voi, jua linalokwenda, mpwa wake ambaye kesho angeolewa ndani ya nguo ya mtu mwingine.

"Na maneno yale ya pamba," akamalizia, "nalikukosea, Bi. Nalitaka kuwachekesha watu. Nisamehe."

Bi Mwanarehema alitazama upande wa mkahawa, kisha akatazama dirisha lake.

"Tangu asubuhi," akasema polepole, "nimelalia ubavu huu, nikageukia ubavu huu. Mato makavu, hayafumbi! Nasikia mende akipita. Nasikia maji yakitona mtungini. Nikajiuliza, kuna msiba kwa jirani? Mbona kinanda kimenyamaa? Wallahi sijalala hata lepe."

Randu akasahau miiba.

"Bi, si ndiwe uliyesema chakuvunjia usingizi?"

"Nalisema. Kwani mtu hawezi kukilaumu kitu kisha akalala nacho? Nalikuwa na mume, marehemu, nikimlaumu hivyo hivyo." Akapiga kofi. "Jemadari! Mdomo tini! Ondoka hapo!"

Adui akaachia kipande cha suruali, akajitenga akinung'unika. Randu akashuka, akinyofoa mwiba mbichi njiani, lakini bibi alimpokonya, akautupa. Akachutama mwenyewe shinani, akapekua matawi yaliyokatwa zamani, akachagua mwiba mmoja mkavu, mgumu, wa rangi ya kahawia.

"Ule mbichi utapinda. Twaa huu. Na hiyo pembe muielekeze huku kidogo, kwenye dirisha langu. Nawe ukimwambia mtu kwamba mimi ndimi niliyesema, nitakufungulia huyu Jemadari."

"Sitasema, Bi."

"Haya, nenda. Mwambie mtoto nampa mkono wa heri."

Akarudi, suruali ikipepea nyuma kama bendera, mwiba ameuinua juu baina ya vidole viwili. Mkahawa ukasimama. Nyevu akaukata kwa kisu, akaukaza mahali pa sindano, akaipindua kamani, akaigeuza pembe kidogo kuelekea uani, kama Randu alivyomwomba, bila kuuliza kwa nini, akashusha mkono wa kinanda.

Sauti ikatoka, laini zaidi kuliko zamani, kama mtu aimbaye nyuma ya pazia.

Watu wakanyamaza kwa shukrani. Wakaweka vikombe chini. Wakainamisha vichwa, wakasikiliza kila neno, kwa mara ya kwanza tangu kinanda kile kiingie Changamwe. Randu akakaa kwenye cherehani, akafumua mkono uliopotea, akaupanga sawasawa, akakanyaga. Mguu haukwenda.

Akajaribu tena. Haukwenda! Wimbo ulikuwapo, lakini ulikuwa umesimama katikati ya mkahawa kama mgeni wa heshima, na mguu wa Randu, uliozoea kutembea naye njiani, ukamwonea haya. Nje kivuli cha stesheni kilikuwa kimeshafika barabarani. Dorcas alikiona, akaanza kukunja kipande cha lasi, kama mtu anayefungasha. Randu aliona vidole vyake vikikunja, akaingiwa na hofu ya kweli.

"Acheni!" akanguruma. "Acheni kusikiliza! Nawasihi, kama mnanipenda, semeni! Semeni lolote!"

Wakatazamana. Hakuna jambo gumu kama kuambiwa sema. Kefa akakuna kichwa.

"Lakini huyu mtu," akasema kwa wasiwasi, "si anaimba habari ya ng'ombe yake?"

"Ng'ombe gani?" akasema Nyevu. "Ni mke. Mke amekwenda kwao."

"Mama, anasema amefunga kamba."

"Kamba ya kitanda!"

"Tena si mwanamume huyo," mtu akadakia kutoka kona ya nyuma, "ni mwanamke huyo anayeimba!"

Hapo mkahawa ukawaka. Wa ng'ombe wakasimama upande mmoja, wa mke upande mwingine. Walioshikilia kwamba mwimbaji ni mwanamke wakashambuliwa na wote. Vikombe vikagongwa mezani, ushahidi ukaletwa kutoka Rabai na Kaloleni, Nyevu akapindua ufunguo bila kuukatiza mdomo wake, na chini ya makelele hayo yote wimbo ukazama taratibu, ukaenda kukaa pale ulipokuwa ukikaa siku zote, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Na mguu wa Randu wa Baya ukaenda. Ulipanda na kushuka, ukapiga mbio bila kujikwaa. Bafta ikapita chini ya sindano kama maji ya mfereji, mshono ukatoka umenyooka, mkono ukashika bega lake, lasi ikashika shingo, pindo likazunguka likakutana na mwanzo wake. Chapati za Nyevu zikatoka nyekundu. Ng'ambo ya makuti, dirishani kwa jirani, mtu alikuwa akikoroma kwa raha.

Jua lilikuwa juu ya paa za reli Randu alipokata uzi kwa meno. Dorcas alilivaa gauni, akatoka, akanyoosha mikono miwili, na yote miwili ikaelekea mbele. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mjomba wake mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto.

"Mjomba," akasema akijifuta machozi, "wewe ndiwe uliyekaa karibu na pembe. Hebu waamue hawa. Wimbo wasemaje, ng'ombe au mke?"

Randu aliinua kichwa, akatazama huku na huku kwa mshangao usio na hila.

"Wimbo gani?" akauliza.

Hapo ndipo ushindi ulipotimia! Iandikwe basi, na wino usikauke kabla ya wakati, kwamba katika mwaka ule wa vita, mataifa makubwa yalipokuwa yakivunja miji, fundi mmoja wa Changamwe aliyachomoa mapumziko ya watu kutoka kwenye mdomo wa bata, akaurudisha wimbo ulimwenguni, na hakuusikia. Hakujengewa sanamu. Alishonewa suruali. Nami nawashukuru nyote mliotega sikio mpaka hapa, lakini aliyekuwa akizungumza na jirani yake muda wote nilipokuwa nikisimulia, huyo namshukuru zaidi.